Scratch, ScratchJr, Pocket Code au kobe wa Python: mtoto aanzie wapi kujifunza mizunguko?

Kila kundi jipya likija kwenye klabu yetu ya Jumamosi ya kuandika programu za kompyuta, zoezi la kwanza ni lile lile: katuni ya bibi anayetwanga. Kinu kimoja, mchi mmoja, mchi juu, mchi chini. Nimelifundisha kwa programu nne tofauti, kwa watoto wa miaka sita mpaka vijana wa sekondari, na ndilo nitakalolitumia hapa kuzipima.

Mzunguko ni agizo la kuifanya kompyuta irudie kazi. Nalipenda zoezi hili kwa sababu kutwanga kuna mizunguko yote mitatu ambayo mwanafunzi atakutana nayo. Ukimwambia mtu "twanga mara kumi", huo ni mzunguko wa kuhesabu. "Twanga tu, usiache", huo ni wa daima. "Twanga mpaka maganda yatoke", huo ni wa sharti. Hakuna mtoto ambaye hajawahi kuagizwa kazi kwa namna hizo tatu nyumbani kwao, kwa hiyo siku ya kwanza hakuna jipya la kueleza ila wapi pa kubofya.

Vitabu vingi vinauita mzunguko huu "kitanzi". Nilijaribu neno hilo mara moja. Niliposema "leo tunajifunza kitanzi", darasa lilinyamaza, na kijana mmoja wa nyuma akajishika shingo. Tangu siku hiyo nasema mzunguko. Wakubwa wao wanasema lupu, na wanaelewana.

Watu wakiniuliza programu ipi ni bora huwa wanataka kujua ipi ina mambo mengi. Mimi natazama jambo jingine: mtoto akiukosea mzunguko, kioo kinamwonyesha nini? Maana kukosea atakosea. Kama kosa linaonekana kwa macho, atalirekebisha mwenyewe. Kama halionekani, atakuita, na wewe uko mmoja, wao ishirini.

Scratch

Hii ilitolewa mwaka 2007 na kundi la Mitchel Resnick pale MIT Media Lab, maabara ya chuo kikuu cha MIT, Marekani, na toleo la 3.0 likaja Januari 2019. Ni ya bure, na imekusudiwa watoto wa miaka 8 hadi 16. Kiswahili kimo kwenye orodha ya lugha zake. Wadogo nawaanzisha kwa Kiswahili. Wakubwa hukirudisha Kiingereza wenyewe, kwa sababu video wanazozitazama ni za Kiingereza na wanataka maneno yafanane.

Katuni ya Scratch inatengenezwa kwa mavazi. Paka anayekuja na programu ana mavazi mawili, moja mguu huu uko mbele, jingine mguu ule, na ukiyabadilisha haraka anaonekana anatembea. Bibi yetu ni hivyo hivyo. Tunachora vazi la kwanza akiwa ameinua mchi, tunalinakili, kisha kwenye nakala tunaushusha mchi. Wako watakaochora bibi wa pili upya kutoka mwanzo. Waache. Wakibofya bendera ya kijani inayoanzisha programu, bibi mzima anarukaruka na kinu chake, kichwa kinavimba na kusinyaa, darasa linacheka, na kuanzia hapo wote wananakili.

Mtego wa kweli uko hapa. Amri za Scratch ni bloku, vipande unavyoviburuta na kuviunganisha. Mtoto anachukua bloku ya kurudia mara 10, ndani anaweka bloku ya vazi linalofuata, anabofya bendera. Hakuna kitu.

"Mwalimu, imegoma!"

Haijagoma. Scratch huchora upya picha mara 30 kwa sekunde, na kila duru ya mzunguko unaobadilisha kinachoonekana husubiri mchoro mmoja. Duru kumi zimekwisha ndani ya theluthi ya sekunde. Na kwa kuwa mavazi ni mawili na kumi inagawanyika kwa mbili, mchi umerudi pale pale ulipokuwa. Bibi ametwanga na kumaliza kabla mtoto hajainua macho kutoka kwenye pedi ya laptopu. Nilihangaika na jambo hili misimu miwili kabla ya kupata dawa: siku hizi siwapi kumi, nawapa kumi na moja. Kwa 11 mchi unaishia chini. Mtoto anaona umehama, anajua kuna kitu kimepita, na swali lake linabadilika kutoka "imegoma" kuwa "mbona haraka hivi?" Hilo la pili ndilo swali ninalolitaka.

Jibu lake ni bloku ya kusubiri, sekunde 0.3 hivi. Sasa aiweke wapi? Nusu yao wataibandika nje, chini ya mzunguko. Bibi anatwanga kwa kasi ile ile, halafu ndipo programu inasubiri, haina cha kusubiria. Wakiiburuta kuiingiza ndani ya mdomo wa bloku ya kurudia, mchi unaanza kwenda kwa mapigo. Ndani na nje ya mzunguko ndilo somo zima la siku, na Scratch inalifanya lishikike kwa mkono.

Bloku ya daima nayo inajieleza. Chini yake ni bapa, haina pa kuunganishia kitu kingine. Mtoto anajaribu kubandika bloku ya "sema: nimechoka" baada yake, inakataa. Sihitaji kutoa hotuba kwamba mzunguko usio na mwisho hauna baadaye.

Mzunguko wa sharti, ule wa "mpaka", una udhia wake. Tukisema rudia mpaka kitufe cha nafasi kibonyezwe, na ndani kuna kusubiri, sharti linaangaliwa mwanzoni mwa kila duru tu. Mtoto akigusa kitufe haraka wakati programu iko kwenye kusubiri, bibi hasikii, anaendelea kutwanga. Inabidi ashikilie kitufe. Hili huwa nalieleza mwenyewe, kwa sababu kwenye kioo halionekani hata kidogo, na ni mahali pamoja ambapo Scratch inashindwa kipimo changu. Mahali pengine ni kwamba haikumbuki mwanzo: bibi ataanza leo pale alipoishia jana, mpaka uweke bloku ya kumrudisha vazi la kwanza.

Kuhusu mashine: programu ya Scratch 3 inayofanya kazi bila intaneti inataka Windows 10 kwenda juu, na kwa Android inataka tableti, kwenye simu ndogo usijisumbue kutengeneza kitu, tazama tu. Laptopu za msaada mara nyingi ni za Windows 7. Kwa hizo tunaweka Scratch 1.4, toleo la zamani, na zoezi la kutwanga linakwenda bila tatizo kwa sababu mavazi, kurudia na kusubiri vyote vimo. Ila kazi iliyohifadhiwa kwenye toleo la 3 haifunguki kwenye 1.4, kwa hiyo amua mapema mashine zote ziwe na toleo gani. Sisi hatukuamua. Mtoto alikuja na fleshi yenye kazi ya wiki tatu aliyoifanya kwa mjomba wake, tukaishia kuichora upya.

ScratchJr

Ndugu mdogo, alitoka 2014, kwa ushirikiano wa MIT na Chuo Kikuu cha Tufts, kwa watoto wa miaka 5 hadi 7. Bloku zake hazina maneno, ni picha na mishale. Asiyejua kusoma anaitumia, na ukishaiweka kwenye tableti haihitaji bando.

Hapa mhusika hana mavazi, kwa hiyo hila ya bibi mwenye sura mbili haiwezekani kwa wepesi. Tunafanya kinyume: bibi na kinu vinakuwa mandhari, mchi unakuwa mhusika peke yake. Juu 3, chini 3, vyote ndani ya bloku ya kurudia. Hizo tatu ni miraba ambayo mtoto anaweza kuihesabu kwa kidole, na bloku inayotekelezwa inawaka wakati inafanya kazi, kwa hiyo jicho linafuata mapigo.

Kwa kipimo changu cha makosa, hii inazishinda zote. Mtoto akiandika juu 3, chini 2, kila duru mchi unabaki mraba mmoja juu zaidi. Baada ya duru nne umepaa miraba minne, unaelea juu ya kichwa cha bibi. Hakuna ujumbe wa kosa, hakuna Kiingereza, ni mchi unaopaa. Nimemwona mtoto wa miaka sita akitazama, akanyamaza, akairudisha ile 2 kuwa 3 bila kuniangalia.

Lakini dari yake iko chini. Kuna kurudia kwa idadi na kuna daima. "Mpaka maganda yatoke" haimo. Mtoto wa miaka tisa ataimaliza wiki chache tu na kuanza kuitumia kwa kuchora maua. Nisingewaanzishia watoto wa darasa la nne ScratchJr eti kwa sababu ni rahisi.

Pocket Code

Hii inatoka Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Graz, Austria, kwenye mradi wa Catrobat ulioanza 2010. Fikra ni ile ile ya bloku, lakini imeundwa kwa simu ya Android tangu mwanzo. Huku kwetu hilo si jambo dogo. Nyumba isiyo na kompyuta ina simu janja moja, na mara nyingi imepasuka kioo.

Ubora wake mmoja unanifanya niisamehe mengi: sura za mhusika unaweza kuzipiga kwa kamera ya simu. Badala ya kuchora bibi, watoto wanatoka uani, wanamwomba mtu anyanyue mchi, wanapiga picha. Anaushusha, wanapiga tena. Picha mbili, mzunguko, kusubiri, na jirani anayejulikana mtaa mzima anatwanga ndani ya simu. Scratch nayo inakubali kamera ya laptopu, lakini laptopu huitoi nje kumfuata mtu kwenye kinu. Pia simu inajua imeinamishwa vipi, na programu inaweza kutumia kipimo hicho, kwa hiyo kijana akishauelewa mzunguko wa daima anaweza kuufanya mchi upande na kushuka kwa kuinamisha mkono. Hapo huwatoi tena.

Sasa ubaya. Kwenye Scratch, bloku ziko kushoto, jukwaa (pale katuni inapochezea) kulia, unaona vyote kwa pamoja. Kwenye Pocket Code jukwaa linachukua kioo kizima. Unacheza, unaona kosa, unarudi kwenye bloku, na kosa sasa unalikumbuka tu, hulioni. Halafu mzunguko una bloku ya mwanzo na bloku ya mwisho, zimetengana, na kwenye kioo kidogo ya mwisho huwa imefichika chini. Mtoto anaangusha bloku ya kusubiri anadhani ni ndani, kumbe amepita mwisho wa mzunguko. Tunavyopunguza shida hii: watoto wawili, simu moja, daftari moja. Mmoja anashika simu, mwenzake ameandika bloku zote kwa kalamu na amechora mstari pembeni kuonyesha mzunguko unaanzia wapi na kuishia wapi. Simu ikicheza, daftari linabaki wazi.

Na simu ni ya mama. Saa nne na nusu mama ataipigia kupitia simu ya jirani kuuliza kwa nini mtoto hajarudi, na bibi ataacha kutwanga. Panga masomo mafupi.

Kobe wa Python

Python ni lugha ya kuandikia programu, na kobe wake ni alama inayotembea kwenye kioo ikiacha mstari nyuma yake. Huyu ana ukoo mrefu. Lugha ya kompyuta ya Logo ilianza 1967, kazi ya Wally Feurzeig, Cynthia Solomon na Seymour Papert, mwanahisabati mzaliwa wa Pretoria ambaye baadaye Resnick alifanya naye kazi MIT. Logo ikapata kobe, kwanza wa roboti anayetembea sakafuni na kalamu. (Watu wa pwani wangemwita kasa, lakini kasa hatembei sakafuni.) Leo kobe huyo anakuja ndani ya Python bila kupakua kitu cha ziada, na kisakinishi chake ni chepesi, kinaingia kwenye fleshi yoyote. Kwa Windows 7, toleo la mwisho linalokubali ni Python 3.8.

Hapa hakuna bloku. Unaandika:

from turtle import *
for i in range(4):
    forward(100)
    right(90)

na kobe anachora mraba. Nafasi zile nne mwanzoni mwa mstari ndizo "ndani ya mzunguko". Kile ambacho kwenye Scratch kilikuwa mdomo unaouona, hapa ni utupu mwembamba upande wa kushoto. Mtoto aliyepitia Scratch anauelewa baada ya kuonyeshwa mara moja. Asiyepitia anauona kama mapambo, anaufuta.

Makosa ya mwandiko yanatolewa kwa Kiingereza chekundu. Sahau nukta mbili, imekataa. Andika Forward kwa herufi kubwa, imekataa. Na liko kosa moja ambalo ni lazima nikuonye, kwa sababu linatokea kila msimu: mwanafunzi anahifadhi faili lake kwa jina turtle.py. Ni jina la kawaida kabisa, somo si la turtle? Lakini Python ikitafuta kobe inalikuta faili la mwanafunzi, inalisoma hilo badala ya lile la kweli, na kulalamika kwamba haijui forward ni nini. Msimbo uko sahihi herufi kwa herufi. Nimewahi kukaa dakika arobaini na kijana juu ya hili. Faili liite pindo.py.

Pindo la kanga, maana hapo ndipo kobe anapozishinda zote. Pembetatu moja ni mzunguko wa mara tatu. Pembetatu kumi na mbili mfululizo ni mzunguko ndani ya mzunguko. Ukigeuza kona na kurudia, umezunguka nguo yote. Na makosa ya jiometri, tofauti na ya mwandiko, yanaonekana waziwazi. Kila mwanafunzi anajua pembe ya pembetatu yenye pande zote sawa ni 60, kwa hiyo anamgeuza kobe 60, na anapata nusu ya tundu la sega la nyuki. Kobe hageuki kwa pembe ya ndani, anageuka kwa ile ya nje, 120. Simama, tembea hatua, geuka mwenyewe sakafuni, utaiona. Nimefundisha pembe za nje vizuri zaidi kwa njia hii kuliko kwa ubao.

Kwa katuni, hapana. Bibi anayetwanga kwa kobe anawezekana, lakini lazima uzime uchoraji wa papo kwa papo, ufute, uchore, uonyeshe, urudie, na kwa mwanafunzi wa mwezi wa kwanza hiyo ni adhabu. Hata kasi inachanganya: 1 ni polepole, 10 ni haraka, na 0 ndiyo ya haraka kupita zote.

Nyingine nimezijaribu kidogo

Mafumbo ya tovuti ya Code.org yanafaa kwa siku moja ya kuonja, kama intaneti ipo. Mtoto anapita hatua moja baada ya nyingine, mizunguko anaijua, lakini mwisho wa siku hana kitu chake cha kumwonyesha mama. Snap! ya chuo kikuu cha Berkeley, Marekani, inafanana na Scratch na ina nguvu zaidi kwa wanaotaka kuunda bloku ngumu. Sijaona mwanzo wa mtoto wa miaka kumi ukihitaji hayo.

Ningechagua nini

Zote nne ni za bure, kwa hiyo bei si hoja. Hoja ni mashine, umri na idadi ya macho yako. Mwenye watoto chini ya miaka saba na tableti hata mbili achukue ScratchJr bila kujiuliza. Mwenye laptopu, hata kama ni moja kwa watoto watatu na betri imekufa, achukue Scratch. Watatu wanaobishana mbele ya jukwaa moja wanajifunza kuliko watatu walioinamia simu tatu. Mwenye simu tu achukue Pocket Code na anunue daftari. Kobe ningemngoja mpaka mwanafunzi awe amefika sekondari na ameshawahi kuiburuta bloku ya kusubiri kutoka nje kuiingiza ndani. Kama mna hamu ya pindo mapema, Scratch 3 ina nyongeza ya kalamu, na inachora pembetatu zile zile bila nukta mbili za kusahau.

Wengi huniuliza mtoto ahame lini kutoka zoezi hili. Kwangu ni pale anapotaka bibi wawili watwange kwa kupokezana kwenye kinu kimoja. Ukiwabandikia wote wawili mzunguko ule ule wa daima, michi inapanda pamoja na kushuka pamoja, inagongana. Mimi nilikuwa nikifundisha kwamba wa pili asubiri kwanza sekunde 0.3 kabla ya kuingia kwenye mzunguko, na nilikuwa naieleza vizuri tu, kwa mchoro ubaoni. Msimu uliopita binti wa darasa la tano hakungoja mchoro. "Mwalimu, huyu mwingine nimemwanzisha na vazi la mchi chini," akasema, na michi yake ilikuwa tayari inapishana.